Mivukuto ya Kinanda Chako

Mwalimu, rafiki yangu Yohana,

Nina habari ya kinanda chako cha mabomba kule kanisani, na sikutaka mtu mwingine aisikie kutoka kwangu kabla yako.

Siku ya mazishi yako kiliharibika. Katikati ya wimbo wa kwanza ngozi ya mvukuto ilipasuka, upepo wote ukatoka kama mtu anayekohoa, mabomba yakanyamaza. Kwaya wakamalizia kwa sauti tupu. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, kofia kichwani, nikalia. Sijui nilikulilia wewe au kinanda. Labda wote wawili.

Baadaye Mzee Mgaya wa baraza la kanisa akasema kifunguliwe chote kiondolewe, pale ziwekwe spika za kwaya ya vijana. "Mwenyewe ameondoka. Nani atakihangaikia?" Nikamfuata nyumbani kwake. Akaniuliza, kwa upole tu, mimi Mwislamu, muuza spea za cherehani, kinanda cha Walutheri kinanihusu nini.

Ningemweleza nini? Kwamba ulikuja dukani kwangu hapa Iringa ukitafuta ngozi laini, nikakuuliza ya viatu au ya mkoba, ukasema, "Ya mapafu"? Kwamba ulinipeleka ukanionyesha yale mabomba, mengine marefu kuliko mtu, mengine madogo kama kalamu, na tangu hapo Jumamosi zangu zikawa zako? Nilimwambia tu, "Mzee, nitakitengeneza."

Akanitazama sana. "Haya. Mpaka Sikukuu ya Mavuno."

Mkeo, Mama Upendo, alinipa ufunguo, kisha akaja na yeye mwenyewe, kanga kiunoni, tochi mkononi. "Shemeji, nimechoka kukaa nyumbani kupokea pole," aliniambia. Tukabandua ngozi kuukuu kwa maji ya moto. Nikaagiza ngozi ya mbuzi kwa fundi viatu wa Soweto, kule Mbeya, tukaibandika kwa gundi. Baridi ya huku unaijua, gundi ilichelewa sana kukauka. Tulipowasha mota ya kusukuma upepo, mvukuto ukagoma kukunjika. Ngozi ilikuwa nene mno. Ikabanduka ukingoni, upepo ukavuja tena. Nilikaa chini, Yohana. Nilitaka kukuuliza wewe, na hukuwepo.

Mama Upendo akasema, "Toa yote. Tunaanza upya."

Tukatoa. Safari hii niliichonga ngozi kwa kisu mpaka ikawa nyepesi kama kitambaa, hasa kwenye mikunjo. Ikakubali. Tukachomoa mabomba madogo moja moja, tukapuliza vumbi, tukakwangua matope ya nyigu. Noti moja ikawa inalia hata kidole kikiondoka. Kumbe uchafu ulikwama kwenye kizibo chake, kikashindwa kufunga. Tukasafisha, ikanyamaza.

Halafu hili, ambalo hukuwahi kuniambia. Nilidhani itabidi tuombe mpigaji kutoka Mbeya. Mama Upendo akakaa mahali pako, akavua viatu, miguu ikatafuta pedeli, akapiga wimbo mzima. Ulikuwa unamfundisha miaka yote, na mimi hukunidokeza! Alipomaliza akajifuta uso kwa kanga. "Nimekosea pale katikati," akasema. "Angenirudisha mwanzo."

Sikukuu ya Mavuno amepiga yeye. Mahindi, viazi na maboga vimejaa mbele ya madhabahu, watu wamesimama, na mabomba yakaitika. Baada ya ibada Mzee Mgaya alinishika mkono, hakuuachia upesi. "Spika tutazitafutia pembe nyingine," akasema.

Lakini sitakudanganya, bado kuna kazi. Bomba nene la kushoto bado ni bubu, na noti za juu zinapishana sauti kidogo jua likiwaka. Mama Upendo anazisikia kabla yangu.

Jumamosi hii tunalishusha lile bomba. Likikataa, tutalishusha tena Jumamosi ijayo. Nakuahidi, Mwalimu, maadamu magoti yangu yanapanda ngazi, kinanda hiki hakitang'olewa.

Kwa heri, ndugu yangu. Mungu akulaze pema.

Karim