Ermek na Mtoto Mtulivu

Cholpon, uko wapi? Ermek wangu kaniletea mtoto wa watu nyumbani.

Nakwambia, mtoto wa watu. Kaenda kumchukua Saykal wetu chekechea, theluji inamwagika, watoto wote wamefungwa skafu hadi puani. Kaona koti jekundu, kashika mkono, huyo kaondoka.

Njia nzima roho yake kwatu. Leo Saykal halii, hagomi, hadai kubebwa. Na Saykal unamjua. Akajisemea, hatimaye nimejua kulea.

Kufika mlangoni namfungua mtoto skafu, namkuta Begimai, yule anayelelewa na bibi yake.

"Ermek, huyu ni Saykal?"

Mume wangu alisawijika. "Saykal yuko wapi?" ananiuliza mimi. Mimi.

Kambeba Begimai mgongoni, mbio mpaka chekechea, anateleza, anainuka, machozi yanamgandia mashavuni. Kumbe Saykal kakaa na mwalimu, anakula maandazi yake ya boorsok na chai, hana habari.

"Mwanangu, nisamehe, baba alikosea."

"Hukukosea, nilikuona," akamjibu. "Nilimwazima Begimai baba. Wa kwake yuko Moscow kazini."

Ermek kawarudisha wote wawili mabegani, Saykal analalamika njia nzima kwamba bega la mwenzake ndilo zuri.

Bibi yake Begimai nimeshampigia simu, amecheka mpaka akakohoa. Watoto wako hapa wanakula. Sasa hivi Begimai kamuuliza Ermek kama kesho atakuja kumchukua tena.

"Nitakuja," kamwambia, "lakini kesho nakuja na mikono yote miwili."