Tulienda Kudai Darasa, Nafula

Nafula, mtu wangu,

Niaje. Najua waliokufa hawasalimiwi hivi, lakini nikitaka kuandika "marehemu" mkono unakataa.

Siku hizi nakaa Kawangware kwa shangazi. Gatwekera, kwetu Kibera, nilitoka baada ya wanaume wawili kuja kwa nyumba na kumwambia Mama, kwa upole kabisa, "Mwambie Akinyi asahau ile sura." Mama akawafungia mlango, halafu akaanza kunifungia nguo kwa mfuko. Sura yenyewe ni ya aliyekuua; wewe hukuiona, mimi niliiona.

Unakumbuka vile chuo chetu cha ufundi kilianza kufa pole pole. Serikali inatuma pesa muhula huu, muhula ujao kimya. Kwanza gesi iliisha kwa karakana. Kisha vyuma vya mazoezi vikaisha, tukawa tunachomelea vipande vilevile, tunavikata, tunavichomelea tena. Walimu wa kibarua wakaacha kuja. Asubuhi moja tukakuta geti limefungwa mnyororo, mlinzi anatuambia turudi nyumbani tungoje bajeti. Ukapanda juu ya jiwe na hiyo sauti yako ya kwaya: "Mimi siwezi kuwa fundi nusu! Kwani chuo ni kibanda cha soda, leo kimefunguliwa kesho kimefungwa?" Tulicheka sana. Nashukuru tulicheka.

Siku ya maandamano hatukubeba mawe. Tulibeba matawi na zile kofia zetu za kuchomelea. Tulipofika karibu na soko polisi wakaturushia vitoa machozi, na kila mtu akakimbia anakojua. Mama mmoja wa mboga akaanguka na meza yake yote. Wewe ulikuwa umeshapita, Nafula. Ulikuwa salama. Ukarudi, ukamshika kwapani, ukamwinua.

Askari alikuja kwa nyuma. Alikupiga rungu ya kichwa, ukaanguka juu ya sukumawiki, na akaendelea kupiga. Nilisikia mfupa. Mpaka leo mtu akipasua kuni karibu nami, nakaa chini. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio hadi nikaonja damu yake. Kile kitambaa alichojifunika uso kikatoka na nikamwona: kijana tu, wa rika letu, macho yanamtoka machozi kwa moshi wao wenyewe. Alinivunja mkono. Kisha akakurudia wewe, na wewe hukuwa unasonga tena.

Yule mama wa mboga ndiye aliyetafuta mkokoteni. Alisukuma mwenyewe, analia, anakuita "mtoto wangu, mtoto wangu," na hata jina lako hakulijua. Hatukuwahi kufika hospitali na wewe ukiwa hai.

Habari ikafika Kibera. Kaka yako Barasa akaja na vijana wa Gatwekera na mtungi wa petroli. Wakavunja geti la chuo. Wakachoma ofisi, sikuwazuia, hata roho ilitulia kidogo. Lakini wakageukia karakana. Nilimshika Barasa shati kwa mkono mzima: "Si hapo! Hapo ni pa Nafula!" Alinisukuma kama hanijui, akaingia na petroli. Moto uliruka kabla hajatoka ndani. Tulimvuta nje anawaka. Mashine zote ziliungua, hata ile uliyokuwa ukiipangusa kabla ya kuigusa, ukisema haiwezi kukuheshimu ikiwa chafu. Barasa yuko hai. Vidole vilishikana kwa moto, mama yako anamlisha.

Sasa kuna kitu kitakuudhi. Tulipotoka kukuzika Bungoma, pesa ilikuja! Hema likasimamishwa, wakubwa wakapiga picha, geti likapakwa rangi mpya. Mkubwa mmoja akasema serikali imesikia kilio cha vijana. Muhula uliofuata, kimya tena. Karakana ni kuta nyeusi na mabati yaliyojikunja. Tukiuliza, tunaambiwa tulichoma wenyewe. Nafula, nilitaka kumrukia huyo mkubwa pia. Kumbe mtu akiuawa ndipo pesa hutoka, na akishaoza hukatika. Na wale watakaojiunga mwaka ujao, wao watoe nani?

Wiki jana nilisimama kortini. Yule askari aliketi pale, amevaa suti, sikio lake lina kovu. Wakili wake akaniuliza, akitabasamu, tulikuwa tunatafuta nini barabarani kama hatukutaka vita. Nikamwambia, "Darasa." Hakimu akasema nimwonyeshe aliyekupiga, nikamwonyesha. Mama wa mboga alisimama baada yangu akamwonyesha pia. Askari akarudishwa rumande. Kesi haijaisha, na wale wanaume wawili wameonekana tena kule Kibera, karibu na Olympic. Naogopa. Sitakudanganya.

Basi lala, rafiki yangu, hapo penye migomba ya baba yako. Nakuahidi hivi. Nitaenda kortini kila nikiitwa. Na kila wakubwa wakikaa kupanga bajeti nitakuwa mlangoni na wenzetu, mwaka huu na ule mwingine, mpaka pesa ya chuo iwe kitu kinachokuja kama shule zinavyofunguliwa, bila mtu kuzikwa kwanza. Wakinipiga, atasimama mwingine. Tumeshaongea, wote wanajua zamu zao.

Ni mimi wako,
Akinyi