Ng'ombe Waliorudishwa Langoni

Ikonge,
Nyamira.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Haron,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Mkawasi na watoto. Hamjambo huko Voi? Mgongo wako uliokusumbua mwezi wa sita umepoa? Habari hiyo niliipata kwa Mathew, maana simu zangu mimi huzishiki. Huku tu wazima. Mama anatembea, anakula, na anagombeza kila apitaye njiani, kwa hivyo ujue afya ipo. Ni magoti tu yanayomlalamikia asubuhi za baridi. Mvua imekuwa nzuri, na majani ya chai yanawashinda wachumaji.

Nimeandika Kiswahili ili Mkawasi ajisomee mwenyewe. Yaliyomo yanamhusu, ingawa mimi na yeye tumeonana mara moja tu, tena kwenye mazishi ya Baba. Barua nitampa Mokua anayepeleka ndizi Mombasa, na ameahidi kusimama hapo Voi akuwekee mkononi. Simu ungeikata. Karatasi haikatwi.

Habari kubwa ni ya Ashley. Mpwa wako amepata mtu. Anaitwa Thadeus, kwao ni Kenyenya, na kazi yake ni katika ofisi ya kilimo palepale. Walisoma chuo kimoja. Miaka sita kijana huyu anakuja hapa, anakula ugali wangu, anasaidia kupakua mbao, na kila nikimwuliza Ashley ananijibu, "Mama, huyo ni rafiki tu." Nikawa nakumbuka rafiki fulani wa ndugu yangu aliyekuwa akija kwetu eti kusoma hesabu na wewe, kumbe macho yake yapo jikoni kwangu. Wewe ndiye uliyemleta Mathew nyumbani kwetu. Hilo silisahau.

Mwaka jana Ashley alilazwa na homa ya matumbo. Asubuhi moja Thadeus akatokea na chupa ya uji wa wimbi aliyoibeba kwa pikipiki toka Kenyenya, ametapakaa matope hadi kwenye kola. Mathew akamtazama, akanitazama mimi, akaninong'oneza, "Kemuma, rafiki habebi uji kutoka Kenyenya." Na kweli. Ashley alipopona hakusema tena "rafiki tu".

Basi mwezi wa nane wazee wa Thadeus walikuja kujitambulisha. Nilikuwa nimejipanga: viti arobaini, kuku tisa, soda kreti tano, hema la kukodi. Watu wakala, wakasifu, wakaanza kutaja siku ya kuleta ng'ombe wa mahari. Hapo Mama akakohoa. Unamjua kikohozi chake. Akageuza uso ukutani, kama mkwe anavyotakiwa asimkodolee mkwe macho, akasema, "Mathew ni mtu mwema, simtukani. Lakini mkono ambao haujatoa utapokea vipi?"

Haron, nilisikia kuku akikwaruza nje.

Alisema kweli. Ng'ombe wa mama mtu hawajaenda kwao, wa binti watapokelewa na nani, na kwa mdomo upi? Wazee wa Kenyenya ni watu wa adabu. Walisema watasubiri tukitengeneza mambo yetu, wakarudi kwao.

Unajua ng'ombe hao walikwenda wapi. Huhitaji mimi nikuambie, ila sijawahi kukuambia kwa mdomo wangu. Mathew alikuwa amewakusanya sita, wengine wakiwa wale walioletwa kwa ajili ya dada yake. Ashley alikuwa bado ananyonya. Baba alikwishaweka nguzo mpya za boma. Na wewe ulikuwa unahesabu siku za kuwapitisha ng'ombe haohao hadi Itumbe kwa akina Nyanchera, mchumba wako, maana ndiyo desturi, kaka anaoa kwa ng'ombe wa dada yake. Mimi nikamwambia Mathew: ng'ombe hula, mashine huzalisha. Tuwauze, tununue msumeno wa umeme, mwaka mmoja tu, kisha tuwarudishe kumi badala ya sita. Mathew alikataa jioni tatu. Ya nne akachoka na mimi.

Mashine ilizalisha, sikatai. Kiwanda changu cha mbao leo kina watu kumi na wanne. Lakini ule mwaka mmoja haukuisha. Kila mwaka ulikuwa na jambo lake: karo, leseni, paa. Watu wa Itumbe walikungoja misimu miwili, kisha Nyanchera akaolewa kwingine, nawe ukapanda basi na begi moja. Baba hakunilaumu hata siku moja. Alipita kwenye zile nguzo kila asubuhi mpaka zikaoza, na akafa bila kuonja maziwa ya ng'ombe wangu.

Sasa ngoja nikueleze nilichofanya mwezi uliopita, maana Mathew hajakuambia, najua, kwa aibu. Nyinyi huongea kila Jumamosi sabato ikiisha, lakini hili atakuwa amelimeza.

Baada ya maneno ya Mama nilifanya kile ninachokijua. Nilipiga hesabu. Boma langu lina ng'ombe wanne wa maziwa, nikaongeza wawili kutoka mnadani, wakawa sita. Nikawaita wajukuu wa upande wa Mathew, nikawapa fimbo, nikamwambia Mathew, "Vaa koti, twende kwetu, leo tunamaliza." Akauliza, "Hawa ni ng'ombe wa nani?" Nikamjibu, "Wa nyumba hii. Kuna tofauti gani?" Akavaa koti. Ningemtazama vizuri ningeona anavyofunga vifungo.

Tulifika langoni kwa Mama kwa shangwe. Wanawake wakatoka na vigelegele. Baba mdogo Ogoti alikuwa amekwishakaa kwenye kiti cha mbele kama waziri. Mama akaja na bakora yake, akatembea mbele ya ng'ombe mmoja mmoja, akasimama kwa yule mweusi mwenye sikio lililochanika. Akamshika pua.

"Huyu si ndiye ninayeletewa maziwa yake kila asubuhi?"

Nikampapasa ng'ombe mgongo.

"Nauliza. Tangu lini ng'ombe ninayemnywa akaja kumwoa binti yangu?"

Vigelegele vikakatika. Ogoti, na unajua ulimi wake haujawahi kulala njaa, akapasuka kicheko. "Yaani Kemuma umejioa mwenyewe! Haya, bibi harusi tumemwona. Bwana harusi naye tumpe soda, au pia ni wewe utakayekunywa?"

Watu walicheka, Haron. Mpaka wale waliokuja na kanga zao kunipongeza walijifunika nazo midomo. Mimi niliwahi kuchekwa, siogopi kuchekwa. Nilipoanza kubeba mbao kichwani nilichekwa na soko zima. Lakini hawakuwa wakinicheka mimi. Walikuwa wakimtazama Mathew, amesimama nyuma ya ng'ombe sita ambao hata mmoja si wake, koti limebanwa vifungo vyote kwenye jua.

Mama hakucheka. Alisema tu, "Warudisheni." Mathew akachukua fimbo kwa mmoja wa wale wajukuu, akawageuza ng'ombe mwenyewe, akawaswaga kwa miguu mpaka Ikonge. Nilimfuata nyuma. Tulipofika kwenye kilima cha kanisa aliniambia neno moja tu: "Miaka yote hii nimekuachia hesabu zote. Hii moja ilikuwa yangu."

Tangu siku hiyo anaongea nami kwa heshima. Karibu chai. Asante. Nimefunga geti. Kama mpangaji. Bora angenitukana.

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na nitayasema, kwa sababu nikiyabakiza yataoza ndani. Nyumba ya Mama niliijenga mimi, mabati thelathini na sita. Hospitali ya Baba ilikuwa mimi. Ulikuja kwenye mazishi ukalala kwa Ogoti, hukukanyaga mlango wangu, na ukampa mkono kila mtu ila mimi. Iliniuma, na bado inaniuma. Nilikuwa najiambia: mimi nimebeba nyumba hii yote, yeye amebeba kinyongo tu. Nimeishi na hesabu hiyo miaka ishirini, na ilikuwa inatoka sawa kila nikiipiga.

Aliyeivunja ni Ashley. Juma lililopita nilimkuta anakunja nguo zake kwenye sanduku. Nikamwuliza safari ya wapi. Akaniambia Kenyenya, anaenda kukaa kwa Thadeus, kwamba yeye hana haja na ng'ombe wala hema. Nikamwambia haiwezekani, binti yangu hataondoka nyumbani kwangu kama mtu anayekimbia mvua. Akanijibu bila hasira, akiendelea kukunja sketi, "Mama, si wewe pia ulienda tu?"

Nilikaa juu ya kitanda chake. Niliona mambo yote kwa pamoja: Ashley anaenda tu, naye atazaa binti, na binti huyo siku yake ikifika bibi fulani atakohoa na kugeukia ukuta. Sikuwa nimekopa kwa Baba na kwako peke yenu. Nilikuwa nimewakopa hata wasiozaliwa. Nilimwomba Ashley anipe hadi mwezi wa kumi na mbili. Thadeus naye amemwambia hatamchukua hivyo, kwamba walianza kwa urafiki wa mchana peupe na hawataingia kwenye ndoa kwa mlango wa nyuma. Kijana mzuri. Lakini Ashley ana kichwa changu, na sanduku halijafunguliwa.

Mathew, bila kuniambia, amekuwa akienda kwa watu wake. Dada yake Jacinta wa Itumbe amempa mtamba na fahali. Wawili amewapata kwa kazi ya mikono: ametengeneza milango na madirisha ya kanisa moja, na mzee wa kanisa akamlipa kwa mifugo kama alivyomwomba. Wa tano amemnunua. Wa sita anatoka kwa mpwa wake. Hawa sijawagusa. Hata majani sijawapa. Wakilia usiku nageukia upande mwingine.

Nilidhani mambo yameisha. Nikaenda kwa Mama kumwambia ng'ombe wa kweli wapo, watakuja, na Ogoti yuko tayari kuwapokea kwa niaba ya Baba. Mama akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Akasema, "Ogoti atawala, hatawapokea. Ng'ombe hao walikuwa wa Haron. Wataingia siku Haron atakaposimama langoni na kusema waingie. Asiposema, wabaki huko huko." Nimemsihi, nimempelekea mchungaji, nimemtuma Ashley. Hapindiki. Nadhani ana haki.

Kwa hivyo ni wewe, ndugu yangu. Watu wa Kenyenya watarudi Jumapili tarehe 21 Desemba. Mathew anataka kupeleka ng'ombe wake Jumapili moja kabla yake, tarehe 14. Usipokuja, hakuna atakayeingia kwenye lango hilo, si wa Mathew, si wa Thadeus, na Ashley atabeba sanduku lake.

Wakiingia, ni wako. Si wa Mama, si wangu, si wa boma. Sijui kama uliwahi kupeleka chochote kwa wazazi wa Mkawasi. Miaka yote hii sikuuliza, na sasa naona aibu kwamba sikuuliza, kwa sababu ningeuliza ningelazimika kusikia jibu. Kama bado, nanyi mna binti. Unaelewa ninachosema. Mkawasi, nawe unaelewa; nisamehe kwa kulitaja kwenye karatasi, lakini ni afadhali tulitaje sisi kuliko litajwe siku yake mbele ya watu.

Nyanchera siwezi kukurudishia. Niliwahi kufikiri kuna kiasi cha kitu ambacho kingetosha. Hakuna. Nilikutoa kwenye maisha uliyokuwa umeyachagua ili nipate msumeno, na nilipoona umeondoka niliendelea kupasua mbao siku hiyohiyo, maana kulikuwa na oda. Nisamehe, Haron. Neno hili nimelikwepa kwa muda mrefu kuliko deni lolote.

Na usije kwa ajili yangu ikiwa moyo hauwezi. Njoo kwa ajili ya Ashley, ambaye hakukukosea lolote. Njoo kwa ajili ya rafiki yako Mathew, ambaye hajalala vizuri tangu siku ile.

Nisalimie wanao, Ruth na mdogo wake Manasseh. Mwambie Manasseh shangazi amesikia anapenda useremala. Mama anakusalimu, na amesema nikuandikie hivi hivi: kitanda chako bado kipo, ila panya wamekula godoro. Ogoti anakusalimu pia na anauliza kama utamletea korosho. Mathew hajui kwamba nimeandika. Bwana aliyewatunza huko ugenini awafungulie njia ya kuja, na akulainishie moyo kidogo kidogo, kwa mwendo unaoweza.

Nilipomaliza kuandika nilichukua simu ili nikutumie nauli ya wanne, kwenda na kurudi. Kidole kilikuwa tayari. Nikairudisha mfukoni. Safari hii silipi, Haron. Nakuomba tu.

Ni mimi dada yako, akupendaye na asiyejua kulisema vizuri,

Kemuma