Kwa Mpwa Wangu Aliyevuliwa Kinyago Ugenini

Issa, mpwa wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, na anayeisoma simu yako kabla yako anajua kwamba naijua. Ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi, nikawapa vijana waisambaze katika makundi yote ya simu kuanzia Newala hadi Masasi. Na yeye aisome.

Nakukumbuka Kitangari, siku ulipocheza lipiko kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Wanawake walikusogelea kwa nyimbo, kisha wakakimbia ulipowageukia, kama ilivyo desturi yetu Wamakonde: aliye ndani ya kinyago cha lipiko si mtu, ni mzimu, na mwanamke hatakiwi kujua ni mtoto wa nani. Ulikuwa umevaa kinyago cha mzee mwenye pengo. Ukasimama katikati ya uwanja, ukanyanyua kidole, ukamkemea mtu asiyeonekana. Uwanja mzima ukacheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba mzee yule alikuwa mimi darasani.

Baadaye nilikuita kando. “Kidole changu hakitetemeki namna ile,” nilikuambia.

Uliinamisha macho kwa adabu. “Kinatetemeka, Mjomba. Hasa mtoto akikosea hesabu za kutoa.”

Sikucheka mbele yako. Nilicheka nilipofika nyumbani, peke yangu, na leo nasikitika kwamba hukuniona.

Wakala wa kazi za nje alipokuja kwangu Makote, alikuja kwa adabu nyingi. Alivua viatu mlangoni. “Shikamoo, Mjomba,” alisema, na hakuwa mpwa wangu. Ni mtu wa Masasi, amepita jandoni kama sisi, na alijua kwamba kwetu mwenye neno juu ya kijana ni mjomba wake. Kwa baba yako hakupoteza hata siku moja. Alisema kuna bustani kubwa ya maonyesho nchini China, inataka ngoma halisi, wachezaji watano, kwa miezi sita, malazi na chakula juu ya wenyeji. Nawe ulikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, una shamba lako la mikorosho, lakini ulikaa kwenye mkeka ukinitazama, ukisubiri neno langu.

Nikatoa masharti. Vinyago visafiri ndani ya sanduku lililofungwa. Mchezaji akivae faraghani, wala visivuliwe mbele ya mwanamke, awe wa kwetu au wa huko. Uso wa mchezaji usipigwe picha akiwa katika mavazi ya lipiko. Wakala aliandika yote bila kubisha, akatia saini, nami nikatia yangu chini yake nikijiona mlinzi hodari. Nani atashika pasipoti zenu, sikuuliza. Viza ni ya kazi au ya matembezi, sikuuliza. Mkidhulumiwa mtamwendea nani, sikuuliza. Nililinda kipande cha mti, nikamtoa mtoto wa dada yangu.

Ujumbe wako wa kwanza wa sauti ulisema unakula vizuri. Wa pili ulisema huko kuna baridi. Katika wa tatu ulisema kweli, na aliyekuazima simu ya kuutuma simtaji wala simwelezi; mama yako anamwombea kila swala. Ulisema msimamizi alizichukua pasipoti zenu uwanja wa ndege, eti kwa ajili ya usajili, na hamjaziona tena. Mnacheza mara sita kwa siku. Katikati ya maonyesho mnavalishwa majani ya plastiki, mnaambiwa mruke na kubweka ili wageni wapige picha na “Waafrika wa porini”. Mshahara haujaja. Miezi sita ilipokwisha, walihamishia kazi yenu kwenye mji mwingine, wakaiacha viza ife mikononi mwao, kisha wakawaambia kwamba mkitoka nje ya geti mtakamatwa kwa kukosa viza.

Ukafika penye kinyago. Waliwataka mvue mwishoni mwa onyesho. Ulikataa, wakakufungia chumbani siku mbili bila chakula. Siku ya tatu ulivua, nao wakakurekodi: uso wako, jasho lako, kinyago mkononi, wanawake wamekuzunguka wakitabasamu. Wao hawakujua kwamba wameshika kitu cha thamani. Wakala ndiye aliyewaeleza, maana masharti yangu alikuwa nayo mfukoni. Karatasi niliyoiandika ili kukukinga iliwafundisha pa kukushika. Tangu hapo, kila ukidai pasipoti yako, jibu ni moja: video itafika Newala kabla yako.

“Mjomba, usimwambie mtu,” ulisema. “Bora nifie huku kuliko mama aione.”

Nilikutii majuma matatu. Nakiri kwamba nilijitii na mimi, kwa sababu aibu ile niliiona ni yangu pia.

Kisha wakala akarudi. Safari hii aliitisha mkutano mbele ya ofisi ya kijiji, akiwa na orodha ya vijana sita, vyeti vyao vya kuzaliwa mezani, na picha za majengo marefu. Mama zao walikuwa wameketi kwenye mikeka. Kijana mmoja alimuuliza kama ugali upo huko.

“Kuna wali mpaka utaukimbia,” wakala alijibu, na watu wakacheka.

Nikasimama. Nilitaja jina lako na majina ya wenzako wanne. Nilisema mlikwenda kucheza lipiko na nani alikuwa ndani ya kinyago kipi. Mzee mwenzangu wa ngoma alinivuta kanzu. “Mwalimu, keti. Hapa pana wanawake.”

“Ndio ninaowaambia,” nilimjibu. Nikasimulia yote, hadi video.

Mama yako alisimama. Alikaza khanga yake kiunoni bila haraka.

“Kaka, umechelewa, lakini maliza,” alisema. “Na wewe, mzee, usinikodolee macho. Miguu ya Issa nimeiosha mimi. Kule Kitangari alipopiga hatua mbili tu, nilimnong’oneza Mama Zuhura: yule wa kwangu yule, na leo kaka atanuna. Kisha tukakimbia, kwa sababu bila sisi kukimbia ngoma haipo. Mlidhani tunakimbia nini?”

Wanawake waliangua kicheko, Issa, mpaka wengine wakajifuta machozi. Sisi wazee tulitazama mchanga. Yeye hakucheka. Alimgeukia wakala.

“Mwanangu yuko wapi?”

“Mama, mambo ya huko yana taratibu zake.”

“Sikukuuliza taratibu.”

Wakala alianza kukusanya picha zake. Yule kijana wa ugali alikwenda mezani, akakichukua cheti chake cha kuzaliwa, akakitia mfukoni. Wenzake watano wakamfuata, mmoja mmoja.

Siku ya pili mimi na mama yako tulikwenda polisi Newala. Nilitoa maelezo yangu nikaikabidhi na nakala ya karatasi ile, yenye saini yangu. Wapo wanaoniambia kwamba nimejichongea kesi. Kama saini yangu ina hatia, na ihukumiwe. Wazee wa ngoma nao wameniondoa katika shughuli za jando mwaka huu. Adhabu yao nimeipokea, kunyamaza nimekataa. Asiniambie mtu kwamba haya ni ya Wachina na sisi. Aliyekufungia mlango ni wa huko, aliyempa ufunguo ni wa kwetu, na wote wawili nitawataja popote nitakapoulizwa.

Majina yenu matano yamefika ubalozi wetu wa huko. Siwezi kukuahidi wepesi. Huenda polisi wa huko wakawaweka ndani kwanza kwa sababu ya viza. Usiwakimbie. Sema jina lako kamili, sema pasipoti yako imeshikwa na mwajiri, sema hukuja kwa kujificha. Sema hivyo, na urudie mpaka apatikane wa kukutafsiria.

Hukuvunja mwiko, mpwa wangu. Mwiko huvunjwa na mtu mwenye hiari, na wewe ulinyimwa hata chakula. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ile, kabla ya kuwaza watu watasema nini.

Na wakikutisha tena kwa ile video, usiwasihi. Wape namba ya mama yako. Anaisubiri, anataka kuona umekonda kiasi gani.

Ni mimi mjomba wako, ninayekudai urudi,
Makote, Newala