Tezo Nimeenda Nayo

Baba Cletus,

Ugali nimeufunika, maharage yako jikoni. Angalia mbuzi wasile mpunga niliouanika.

~~Tezo sijui iko wapi.~~ Tezo nimeenda nayo shambani.

Asubuhi nilikwambia ubavu wa kushoto wa mtumbwi unaouchonga umekuwa mwembamba, ukanicheka mbele ya shemeji Telesphor: "Mama Cletus, tezo si mwiko!" Haya. Lakini anayefagia vipande vya mti humo kila jioni ni mimi. Nikigonga kulia panajibu kwa uzito, kushoto panalia kama debe. Ukichonga tena, mtumbwi utapasukia katikati ya Ziwa Rukwa, na wewe kuogelea hujui.

Gonga mwenyewe, shemeji akishaondoka. Kama nimekosea, njoo uchukue tezo, unicheke shamba zima lisikie. Nitafurahi kuliko wewe.

Mama Cletus