Jina la Mwanaidi kwenye Karatasi

Jumapili, 4 Februari 2001
Baada ya darasa tumebandika matangazo tena, toka mtaa wa Azaiba mpaka Wadi Kabir. Wanafunzi wa kujitolea tuko sita. Sherehe ya Waafrika wa mji huu wa Kiarabu ni Ijumaa hii: ngoma, chakula, meza za wafanyabiashara wetu. Majina ya meza kwenye tangazo niliandika mimi. Moja ni ya Mwanaidi wa Tanga, kusuka nywele. Anafanya kazi mtaa wa Ansab, kwa khalati, dada yake mama. Ijumaa ni siku yake ya kutoka. Nilimwahidi meza. Sikumwambia jina lake litachapwa.

Jumanne, 6 Februari
Khalati kaliona tangazo, dukani anaponunua mkate. Kampigia mama simu. Visa ya Mwanaidi ni ya kazi za nyumbani, si ya saluni. Polisi wakija, atakayeulizwa ni khalati, ndiye mdhamini wake. Anataka kumkatia tiketi arudi Tanga. Mama hajui kama nimeandika mimi. Nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja. Mwoga mimi.

Jumatano, 7 Februari
Chuoni sikusikia somo. Jioni nimezunguka peke yangu kubandua matangazo. Mengine sikuyaona. Nani kayachukua, polisi? Mwanaidi ana watoto wawili shule, kwa mama yake. Akirudishwa, nani atawalipia?

Alkhamisi, 8 Februari
Nimekwenda Ansab. Mwanaidi kanifungulia mlango, macho mekundu. Nimemwambia khalati kuwa jina niliandika mimi, Mwanaidi hakujua. Kaniuliza:
"Na polisi wakija, utawaambia hivyo hivyo?"
Nikasema ndiyo.
"Haya, nenda kwenu, Salma."
Sijui kaamua nini. Nna khofu kuliko jana.

Ijumaa, 9 Februari
Ukumbi umejaa. Bibi zetu wamecheza mpaka wakavua viatu. Vitambaa vimeuzwa vyote. Mimi nilisimama mlangoni, kila gari ikisimama nadhani polisi. Hawakuja. Mwanaidi pia hakuja. Wanawake watatu wameniuliza msusi yuko wapi. Nimewaambia anaumwa. Uwongo. Huenda yuko uwanja wa ndege. Sikuonja hata andazi.

Jumapili, 11 Februari
Yupo. Nimemkuta jikoni kwa khalati anachambua mchele. Hakurudishwa, lakini Ijumaa hatoki tena, mpaka khalati atakapopoa. Nywele alikuwa akiwasuka rafiki zake siku hiyo hiyo. Nafasi hiyo nayo imekwenda.
Nimemwomba radhi.
"Nimekusamehe, mdogo wangu," kasema. "Ila siku nyingine niulize kwanza."
Hakuinua macho. Nikasimama pale, sijui niondoke au nibaki. Mwisho nikamuuliza kama naweza kumsaidia. Akasogea, akanipisha kwenye mkeka.