Jina Langu Ulisome Mwenyewe

Misungwi,
4 Agosti 2025

Kwako binti yangu Evelina,

Salamu katika Bwana. Mimi na mama yako tu wazima, isipokuwa goti lake la kushoto linalomsumbua asubuhi. Tunatumaini huko Sengerema nawe u mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatia. Ng'washi anakuja sokoni huko kuuza nyanya, mpe majibu arudi nayo.

Mzee Chenge wa baraza letu la kanisa alikuja huko kununua ng'ombe, akapita kwenye kibanda umiza, hicho cha sinema unakofanya kazi. Anasema alikukuta na kipaza sauti, unawatafsiria watu sinema ya Kizungu, binti na babu yake wanakatiza jangwa kwa lori bovu. Hilo lingepita. Lakini binti alipofika njia panda akakataa kurudi kwao, wewe ukamsemea kwamba Ibrahimu naye aliondoka kwao na hakurudi. Mbele ya watu wenye sigara mdomoni. Neno la Mungu umelitia kwenye sinema, mwanangu.

Baraza la wazee limekaa. Jumapili tarehe 31 ndiyo siku ya kuniaga, baada ya miaka thelathini na nne ya uinjilisti. Wanataka siku hiyo uje utubu mbele ya usharika na kuiacha kazi hiyo. Usipokuja utatengwa, na jina lako litasomwa palepale, mimi nimekaa mbele na wageni. Usiniharibie siku yangu. Njoo.

Ni mimi baba yako,
Mwinjilisti Shigela


Sengerema,
9 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama naye shikamoo yake. Nimempa Ng'washi dawa ya kuchua, mama apake goti kabla ya kulala. Mimi ni mzima, nakula vizuri, sauti tu imekauka kidogo maana sinema ni nne kwa siku.

Mzee Chenge amesema kweli. Ameacha tu kusema kwamba alikaa mpaka mwisho, na soda aliagiza mbili.

Sitakuja kutubu. Watu ninaowatafsiria wametoka Ukerewe, wengine wanakwenda Geita kwenye dhahabu, hawajui kama watarudi makwao. Waliponiuliza mbona binti harudi, niliwajibu kwa nilichokuwa nacho, na hicho ulinipa wewe. Nusu ya Maandiko ni watu walioko barabarani: Ruthu na mkwewe, Yona anayekimbia, wale wawili wa Emau wanaotembea na mtu wasiyemtambua. Hata mvuta sigara anaelewa safari.

Tena nakukumbusha jambo. Nilikuwa kidato cha pili, mhubiri mgeni alipokuja uwanja wa Misungwi, wewe ukiwa mkalimani wake. Yeye alisimulia gari lake lilivyokwama kwenye theluji. Wewe ukasimulia habari za mtu mwenye ndama mgonjwa aliyeachwa na pantoni Kigongo. Mama Getruda akaenda mbele kuokoka, analia kwa ajili ya yule ndama. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Siku ile nilikuona mkubwa kuliko mgeni, nikaamua nikikua nitafanya kazi kama hiyo.

Mwanao,
Evelina


Misungwi,
13 Agosti 2025

Evelina,

Hatujambo. Dawa imefika, mama yako anashukuru.

Ya uwanjani yaache uwanjani. Mimi nilikuwa natafuta roho za watu, wewe unatafuta kiingilio. Hata mwana mpotevu alirudi, na baba yake akamkimbilia. Nami nitakukimbilia, uzee huu huu. Njoo tarehe 31.

Baba yako


Sengerema,
18 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Huku ni salama, natumaini na nyumbani.

Yule mwana alirudi kwa sababu ya njaa, na mali ya baba yake alishaitapanya. Mimi nashiba kwa jasho langu na sijatapanya mali ya mtu. Ukitaka mfano wangu watazame mamajusi. Walirudi kwao, ila kwa njia nyingine, na yule mkubwa aliyewaagiza wapite kwake wakamwacha anangoja.

Nakupenda, na inaniuma kwamba siku yako inaharibika. Lakini nikisimama pale nikasema nimekosa, nitakuwa nimesema uongo kanisani, na hiyo ndiyo itakuwa dhambi ya kweli.

Naomba kitu kimoja. Jina langu asilisome Mzee Chenge. Ulisome mwenyewe, kwa sauti ile ya uwanjani, watu wa nyuma wasikie.

Mwanao,
Evelina


Misungwi,
1 Septemba 2025

Mwanangu Evelina,

Hujambo? Sisi hatujambo, goti limepata nafuu.

Jana kanisa lilijaa. Zawadi zilipangwa mbele: suti, redio, na godoro limeegemezwa ukutani. Mzee Chenge alipotoa ile karatasi nikamwambia nitasoma mwenyewe. Nikasoma: Evelina Shigela. Wa nyuma walisikia. Akadhani nimemaliza, akaanza kuomba, nikamwomba akae kwanza.

Nikasoma jina la pili, ambalo kwenye karatasi halikuwepo. Shigela, mwinjilisti, kwa kosa lilelile la binti yake, ila yeye alitangulia. Nikawaeleza habari za theluji na za pantoni. Mama Getruda akasimama akauliza, "Kwa hiyo yule ndama hakuwepo?" Nikamwambia hakuwepo. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Mimi nilikofika nimefika, sirudi kwa sababu ya ndama." Akaketi.

Mzee Chenge anasema nikitubu nitarudishwa kundini baada ya miezi mitatu. Nimemjibu kwamba nimemsikia. Zawadi zimerudishwa stoo, isipokuwa godoro. Hilo mama yako amelichukua, anasema goti lake halijatengwa.

Mwezi mzima nilikukasirikia, na hasira yenyewe ilikuwa woga wangu. Niliogopa miaka ishirini kwamba kuna mtu uwanjani aliyenisikia nikiongeza yangu. Kumbe alikuwa wewe, na ulifurahi.

Jumamosi tunakuja. Tangu daraja la Kigongo lifunguliwe sijalipita, na mama yako naye anataka kuliona. Tuwekee benchi la mbele, na sinema iwe ile ya lori. Kiingereza changu bado kipo. Ukiongeza neno nitajua, na sitamwambia mtu.

Baba yako,
Shigela